Dawa Ileile, Fuwele Nyingine: Uchambuzi wa Kisa cha Ritonavir

Katikati ya mwaka 1998, kapsuli za ritonavir, dawa ya VVU, zilianza kufeli kipimo ambacho zilikuwa zikikifaulu tangu siku ya kwanza. Kipimo chenyewe hakina maajabu. Kapsuli hutumbukizwa kwenye chombo chenye kimiminika cha joto la mwili, nyuzi 37, kasia dogo likizunguka taratibu, kisha kila baada ya muda huchotwa sampuli na kuulizwa swali moja tu: dawa kiasi gani imeshayeyuka? Kampuni ya Abbott ya Marekani ilikuwa imekwisha kutengeneza matoleo 240 ya kapsuli hizo, yaani mafungu ya uzalishaji, bila kuona dalili yoyote ya ubaya. Sasa matoleo yalikuwa yanakwama, moja baada ya jingine. Dawa ilikuwamo, kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye chupa, ila haikutaka kuyeyuka.

Mkemia akikutana na jambo la namna hii hukimbilia kutafuta uchafu. Huenda malighafi imeingiliwa na kitu, huenda hatua mojawapo ya usanisi imeharibika. Safari hii jibu halikuwa huko. Molekuli ilikuwa ritonavir, haikupungua atomu wala kuongezeka. Masalia yasiyoyeyuka yalipowekwa chini ya hadubini ndipo zilipoonekana fuwele za sura ngeni, na unga ulipomulikwa kwa eksirei, miale ilitawanyika kwa mpangilio ambao hakuna ritonavir iliyowahi kuutoa. Kitu kilekile kilikuwa kimejipanga upya.

Nimekichagua kisa hiki, ingawa kuna vingine vingi vya fuwele na dawa, kwa sababu kinaipiga mahali pake dhana ambayo hata wafamasia wazuri huishi nayo: kwamba dawa ikishayeyushwa, mambo ya umbo lake yabisi yamekwisha. Kapsuli za ritonavir hazikuwa na unga ndani. Dawa ilikuwa imeyeyushwa tayari. Na bado fuwele ndiyo iliyoziangusha.

Dawa iliyozaliwa kwa haraka

Ritonavir ni kizuizi cha protisi, yaani huzuia kimeng'enya ambacho VVU hukitumia kukatakata protini zake ili kirusi kipya kikomae. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliiidhinisha tarehe 1 Machi 1996, siku 72 tu baada ya kupokea maombi. Tarehe hizo zisomwe kwa macho ya wakati ule. UKIMWI ulikuwa unaua, na hii ilikuwa miongoni mwa dawa za mwanzo kabisa za kundi lake, iliyoonyesha kwa wagonjwa waliokuwa wamezidiwa kwamba inapunguza vifo. Nani angesema tusubiri miaka miwili tuchunguze fuwele kwanza? Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani haraka ile ilikuwa kosa. Ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilidaiwa baadaye.

Shida ya ritonavir tangu mwanzo ni kwamba haipatani na maji. Katika asidi kali, mfano wa ile ya tumboni, mililita moja huyeyusha mikrogramu 400 hivi. Asidi ikipungua hadi pH 6.8, karibu na hali ya utumbo mdogo, mililita hiyohiyo huyeyusha mikrogramu 1 tu. Mgonjwa alitakiwa kumeza miligramu 600 mara mbili kwa siku. Ukipiga hesabu utaona balaa: kuyeyusha dozi moja tumboni kunahitaji lita moja na nusu, na kuiyeyusha ndani ya utumbo kunahitaji lita 600. Hesabu hii ni ya kibabe, nakiri, maana nyongo na chakula husaidia, na dawa inayoyeyuka hufyonzwa ikipisha nyingine. Lakini inatosha kuonyesha kwa nini kuushindilia unga wa ritonavir ukawa kidonge cha kawaida halikuwa wazo la maana.

Kwa hiyo Abbott waliamua kuiyeyusha wao wenyewe kabla mgonjwa hajaimeza. Wakatoa dawa ya maji, na pamoja nayo kapsuli zenye ujazo mzito nusu-majimaji, zote mbili ritonavir ikiwa imeyeyushwa katika michanganyiko yenye alkoholi. Kapsuli ikipasuka tumboni inamwaga dawa iliyokwisha kuyeyuka, na nusu ya kazi inakuwa imefanyika kiwandani.

Hapo ndipo ulipoingia uamuzi ambao kisa chote kinauzunguka. Kwa kuwa bidhaa ni myeyusho, miongozo ya wakati huo haikudai kwamba umbo la fuwele la malighafi lidhibitiwe. Katika miaka yote ya utafiti lilikuwa limeonekana umbo moja tu. Hoja ilionekana haina pengo: chumvi ikishayeyuka majini, ya nini kuuliza punje zake zilikuwaje?

Matofali yaleyale, ukuta mwingine

Anayeeleza jambo hili kwa wageni huanza na almasi na grafaiti, zote kaboni tupu, moja inakata kioo na nyingine inachafua vidole. Mfano huo ni mzuri na unapotosha kidogo. Katika kaboni, vifungo vyenyewe kati ya atomu na atomu vimebadilika. Katika dawa, molekuli inabaki nzima. Kinachobadilika ni jinsi inavyokaa na majirani zake. Mfano wa matofali unafaa zaidi. Fundi akipewa matofali elfu moja anaweza kuyapanga yakabebana na kupishana hadi ukuta ukawa hauvunjiki kwa nyundo, au akayapanga kwa uvivu ukuta ukabomoka kwa teke. Hakuna tofali lililobadilika.

Kuyeyuka ni kuubomoa ukuta huo tofali moja moja. Kadiri molekuli zinavyoshikana vizuri ndani ya fuwele, ndivyo kiyeyushi kinavyopata shida kuzibandua. Kutokana na hilo inafuata kanuni isiyo na huruma: kwa joto lolote lile, umbo lililo imara kuliko mengine ndilo linaloyeyuka kidogo kuliko mengine. Ukitaka dawa idumu rafuni miaka mitatu bila kubadilika, unatamani fuwele iliyotulia. Ukitaka iyeyuke upesi tumboni, unatamani fuwele isiyotulia. Mtengenezaji wa dawa hutumia maisha yake yote akivutwa na kamba hizi mbili.

Wanakemia huita uwezo huu wa kitu kimoja kuwa na fuwele za namna nyingi polimofizimu, na kila namna ni polimofu. Si jambo la nadra. Na kwa dawa nyingi halina madhara makubwa, kwani tofauti ya uyeyukaji kati ya polimofu mbili mara nyingi haifiki hata mara mbili. Ritonavir haikuwa hivyo. Fuwele ya zamani, iliyokuja kuitwa Umbo I, na ile mpya, Umbo II, zilipolinganishwa katika michanganyiko ya alkoholi na maji kwenye ubaridi wa nyuzi 5, Umbo II liliyeyuka kwa kiasi cha robo ya Umbo I, na pengine chini ya hapo.

Sababu iko kwenye kiungo kimoja cha molekuli. Ritonavir ni molekuli ndefu yenye kunyumbulika, na ndani yake kuna kundi la atomu liitwalo kabameti, ambalo linaweza kukaa kwa mikao miwili. Mkao wa kawaida, wenye raha, ndio ulio katika Umbo I. Katika Umbo II kundi hilo limejipinda likakaa mkao wa tabu, ambao molekuli ikiwa peke yake haiupendi. Lakini kwa kujipinda hivyo, inaweza kushikana na majirani kwa vifungo vya haidrojeni pande zote, bila sehemu yake yoyote yenye nguvu ya kushika kubaki mikono mitupu. Molekuli inatoa kidogo, inapata kingi.

Sasa tuirudie kapsuli. Mchanganyiko wake ulikuwa umepimwa kwa kutumia Umbo I kama kipimo: tunaweza kuyeyusha dawa kiasi gani bila kuifanya irudi kuwa fuwele? Kwa kipimo hicho, mambo yalikuwa sawa. Lakini ukiupima mchanganyiko uleule kwa Umbo II, ulikuwa umebeba dawa kupita uwezo wake kwa kiasi cha asilimia 400. Hilo halikuanza mwaka 1998. Lilikuwa kweli kwa kapsuli ya kwanza iliyotoka kiwandani mwaka 1996, ila hakuna aliyekuwa na fuwele ya Umbo II mkononi ya kulionyesha. Myeyusho ule haukuwa umetulia. Ulikuwa umenyamaza.

Kwa nini kimya cha miaka miwili

Swali hili ndilo lililowasumbua watu wengi, na ndilo linalonivutia zaidi. Ikiwa Umbo II ndilo imara, na myeyusho ulikuwa umezidiwa kiasi hicho, ilikuwaje matoleo 240 yapite salama?

Fuwele haianzi kubwa. Lazima molekuli kadhaa zikutane, zikiwa katika mkao sahihi, zishikane muda wa kutosha hadi kichembe chao kisivunjike. Chembe ndogo mno huyeyuka upesi kuliko inavyokua, kwa hiyo kuna kilima cha nishati cha kuvuka kabla fuwele haijaanza kujijenga yenyewe. Kwa Umbo II kilima hicho kilikuwa kirefu isivyo kawaida, kwa sababu molekuli nyingi ndani ya myeyusho zilikuwa katika ule mkao wa raha. Zile chache zilizojipinda zilipaswa zikutane zenyewe kwa zenyewe, kwa bahati, katikati ya umati wa zisizojipinda. Wanasayansi wa Abbott waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2001 walisema zaidi ya hapo: hata ukiweka mbegu za Umbo II, fuwele hiyo haipendi kuanza isipokuwa myeyusho uwe umekolea kupita kiasi kikubwa.

Nini basi kilivunja kimya? Maelezo yao ni kwamba mambo mawili yaligongana. La kwanza ni ule mkolezo uliopitiliza. La pili, ambalo walilitaja kama linaloelekea kuwa ndilo, ni zao moja la kuharibika kwa ritonavir yenyewe, kijisehemu kilichotokana na dawa kuvunjika kidogo, ambacho fuwele zake zilifanya kazi ya kiolezo. Molekuli za ritonavir zilipata mahali pa kujibandika zikiwa katika mkao wa tabu, na ukuta wa kwanza wa Umbo II ukainuka.

Tazama jinsi jambo hili lilivyo la kuudhi kwa mtu wa udhibiti wa ubora. Zao la kuharibika hupimwa katika kila dawa, na kila dawa ina kikomo chake. Likiwa chini ya kikomo, linahesabiwa halina neno, maana kikomo hupangwa kwa kuuliza kama litamdhuru mgonjwa. Hakuna anayeuliza kama litafundisha dawa kuganda.

Mbegu zilivyosambaa

Baada ya fuwele ya kwanza, mambo hayakuhitaji tena bahati. Fuwele ni mbegu ya fuwele nyingine. Chembe isiyoonekana kwa jicho ina mamilioni ya vijichembe, na kimoja kikianguka kwenye pipa lenye myeyusho uliozidiwa, kazi imekwisha. Katika majuma machache Umbo II lilikuwa limeenea katika njia nzima ya uzalishaji, kwenye malighafi na kwenye kapsuli pia.

Sehemu ya kisa inayosimuliwa zaidi ni ya Italia. Abbott walikuwa na kiwanda huko kilichokuwa bado kinatoa malighafi safi ya Umbo I. Wataalamu kutoka Marekani, watu waliokuwa wameshinda karibu na Umbo II, walikwenda kukitembelea wajifunze kilikuwa kinafanya nini tofauti. Muda mfupi baada ya ziara hiyo, Umbo II likaonekana Italia. Hakuna aliyeikamata mbegu kwenye kola ya koti la mtu, na sidhani ilihitajika.

Wapo wanaosimulia mambo haya kama uchawi. Wanakemia Jack Dunitz na Joel Bernstein walikwisha kuandika mwaka 1995, miaka mitatu kabla, juu ya polimofu zinazotoweka: fuwele ambazo maabara ilizitengeneza kwa urahisi, kisha siku moja ikajitokeza fuwele imara zaidi, na tangu hapo ya zamani ikagoma kupatikana. Walisisitiza kwamba hakuna siri. Umbo la zamani halijafa wala halijakatazwa na kanuni ya maumbile. Mahali pamechafuka mbegu, basi. Lakini kwa msimamizi wa kiwanda ambaye kila chombo anachokisafisha kinamzalia Umbo II, tofauti kati ya "haiwezekani" na "inawezekana mahali pasipo na mbegu" ni ya kifalsafa. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo ilivyoonekana.

Upande wa anayemeza

Kapsuli zikaadimika. Wagonjwa waliambiwa wahamie dawa ya maji, ambayo kila aliyewahi kuionja huikumbuka. Ritonavir ni chungu mno, na ladha yake hukaa mdomoni. Isitoshe, dawa hiyo ya maji ina ethanoli ya asilimia 43 kwa ujazo, ukali wa pombe kali. Dozi ya miligramu 600 ni mililita 7.5, asubuhi na jioni, kila siku. Mfikirie mtu aliyekuwa amejinasua kwenye ulevi, au mtoto, au yule anayetumia metronidazo ambayo haipatani na pombe.

Nayo dawa ya maji haikuwa imeepuka hatari, kwani ubaridi hupunguza uyeyukaji. Wengi tumezoea kwamba dawa nyeti huhifadhiwa kwenye friji. Hii ilikuja kubeba onyo la kinyume, isiwekwe kwenye friji, ibaki kwenye joto la chumba. Mwenye kuitunza kwa uangalifu wa mazoea ndiye angeiharibu.

Kwa nini hofu yote hii, na kuna dawa ngapi zinazofyonzwa vibaya na dunia inaendelea? Kwa sababu ya kirusi chenyewe. VVU hujinakili kwa makosa mengi, na dawa ikiwamo mwilini kwa kiwango pungufu, haiwezi kukizima kirusi bali inakichuja: nakala zinazoivumilia ndizo zinazobaki na kuongezeka. Kapsuli isiyoyeyuka isingemletea mgonjwa maumivu wala upele. Angeendelea kuimeza kwa uaminifu, na miezi ikipita angegundulika ana kirusi sugu, na lawama pengine ingemwangukia yeye kwamba alikuwa anaruka dozi. Lililozuia hilo ni kipimo cha kasia na chombo cha maji, kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote katika maabara ya dawa kwa sababu kinachosha na hakina mashine ya kuringia.

Nani alaumiwe

Ni rahisi leo kusema walipaswa kujua. Mwaka 2003 kampuni ya TransForm Pharmaceuticals ilichapisha matokeo ya kuifanyia ritonavir majaribio mengi ya kuigandisha kwa mitambo inayojiendesha, viyeyushi vya kila namna vikichanganywa kwa kiasi kidogo kidogo. Yakapatikana maumbo yote mawili yaliyojulikana, na mengine matatu juu yake, yakiwamo yaliyobeba ndani yao molekuli za maji au za kiyeyushi. Kwa hiyo Umbo II lilikuwa linatafutika. Lakini mitambo hiyo haikuwa kitu cha kawaida mwaka 1995, na walioitengeneza walikuwa na faida kubwa: walijua kuna kitu cha kutafutwa.

Mkemia Walter McCrone alikwisha kusema mwaka 1965, kwa maneno yaliyokuwa nusu mzaha, kwamba idadi ya maumbo yanayojulikana ya kitu chochote inalingana na muda na fedha zilizotumika kukichunguza. Kwa kipimo cha McCrone, umbo moja baada ya uchunguzi wa miaka michache halikuwa habari njema. Lilikuwa ishara kwamba uchunguzi haujafika mbali.

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kwenye swali lililoulizwa. Waliuliza, "Katika bidhaa yetu kuna fuwele gani?" na jibu sahihi lilikuwa, hakuna. Swali lililohitajika lilikuwa, "Katika bidhaa yetu inaweza kuzuka fuwele gani?" Miongozo ya kimataifa ya mwaka 1999 iliweka hatua za kuamua lini polimofu zichunguzwe na kudhibitiwa, na tangu hapo kampuni hutafuta maumbo mapema, kabla dawa haijafika kwa watu wengi.

Hata hivyo somo lilihitaji kurudiwa. Mwaka 2008 plasta ya rotigotine, dawa ya ugonjwa wa Parkinson inayobandikwa kwenye ngozi, ilianza kuota fuwele ndani ya gundi yake, nayo ilikuwa polimofu mpya iliyo imara kuliko ile iliyojulikana. Dawa ilikuwa imeyeyushwa ndani ya gundi. Plasta iliondolewa katika soko la Marekani na kurudi mwaka 2012, ikiwa imeundwa upya. Miaka kumi baada ya ritonavir, mtego uleule.

Njia ya kutokea

Abbott waliishinda vita kwa kuacha kupigana na Umbo II. Walijifunza kwanza kutengeneza umbo lolote kati ya mawili kwa makusudi, kwa kudhibiti mbegu na namna ya kugandisha. Kisha wakabadilisha kilicho ndani ya kapsuli. Kapsuli laini zilizoidhinishwa Juni 1999 zilitumia mchanganyiko wenye asidi ya oleiki, ambao unaibeba dawa bila kuzidiwa hata ukipimwa kwa Umbo II. Mauzo yaliyopotea katika kipindi hicho hukadiriwa kuwa dola milioni 250.

Kapsuli hizo zilikuwa na kasoro yake: zilitaka friji. Kwa mgonjwa mwenye umeme wa uhakika huo ni usumbufu tu. Kwa mgonjwa asiye nao, dawa hiyo ni kama haipo, na wengi wa waliohitaji dawa za VVU duniani walikuwa upande huo.

Suluhisho kubwa lilikuja mwaka 2005, katika vidonge vya Kaletra ambavyo vina ritonavir pamoja na lopinavir, dawa nyingine ya VVU, na ninaona ni jibu la kijasiri. Kama fuwele zote mbili zina matatizo, kwa nini tuwe na fuwele? Dawa iliyeyushwa kwa joto pamoja na polima, ikasukumwa kwenye mashine kama inayotengeneza plastiki, ikapoa kabla molekuli hazijapata nafasi ya kujipanga. Kinachopatikana ni yabisi isiyo na mpangilio, kama kioo. Hakuna ukuta wa kubomoa, kwa hiyo huyeyuka upesi. Kwa kanuni za nishati hali hiyo haijatulia kuliko hata Umbo I, na ikiachwa peke yake ingejipanga siku moja. Lakini polima imeshikilia molekuli kila moja mahali pake, kama watu waliobanwa kwenye basi lililojaa, hakuna anayeweza kugeuka. Vidonge hivyo havihitaji friji. Ritonavir peke yake ilipata kidonge cha aina hiyo mwaka 2010.

Kufikia hapo kazi yake ilikuwa imebadilika. Ritonavir hukizuia sana kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4, ambacho huvunja dawa nyingi, kwa hiyo dozi ndogo yake huzifanya dawa nyingine zikae mwilini muda mrefu. Desemba 2021 iliruhusiwa kwa kazi hiyohiyo ndani ya Paxlovid, dawa ya UVIKO-19, miligramu 100 pembeni ya nirmatrelvir.

Na ilipokuwa inamezwa na watu wengi kuliko wakati wowote, ikatoa jipya. Makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yaliripoti Umbo III, miaka 24 baada ya Umbo II. Halikutoka kwenye myeyusho wowote. Lilitoka kwenye ritonavir iliyoyeyushwa kwa joto na kuachwa igande, njia ambayo majaribio yale ya mwaka 2003 yasingeipitia.

Umbo I nalo limerudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutazamia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba Umbo II likisagwa kwenye kinu chenye mipira migumu ya kusagia, pamoja na matone ya kiyeyushi kinachofaa, linageuka kuwa Umbo I. Fuwele zikiwa ndogo mno, nishati ya nyuso zake huwa kubwa kiasi cha kupindua hesabu ya lipi ni imara, na Umbo I ndilo linaloshinda. Mwaka 1998 viwanda vilisafishwa kila pembe ili kuondoa chembe moja ya Umbo II. Ndani ya kinu hicho kila punje iliyoingia ilikuwa Umbo II, na kilichotoka kilikuwa Umbo I.